Adabu ya Mgeni Katika Mji wa Banff

Ni ada ya watu wasafirio kwa kujifurahisha kudhani ya kuwa mahali wanapokwenda pamewekwa kwa ajili yao, na kwamba mtu akishalipa nauli na kiingilio amekwisha kutimiza kila faradhi iliyompasa. Katika miji iliyojengwa kwa biashara dhana hiyo haina madhara makubwa. Walakini katika mji uliomo ndani ya hifadhi ya taifa, ambamo wanyama na misitu walitangulia nyumba na maduka, dhana hiyo ni upotofu mtupu, na inatupasa kuiondoa nyoyoni kabla hatujafunga mizigo.

Mfano ulio bayana ni Banff, mji wa milimani katika jimbo la Alberta, nchini Kanada. Mwaka 1883 wafanyakazi watatu wa reli waliliona pango lenye chemchemi ya maji moto katika Mlima Sulphur, wakataka kuifanya milki yao. Na mizozo iliyozuka juu ya madai hayo ndiyo iliyoifanya serikali kuitenga ardhi ile mwaka 1885, kisha mwaka 1887 kuitangaza kuwa hifadhi ya taifa, ya kwanza katika nchi ile. Wala tusijidanganye kwamba nia ilikuwa ni kuhifadhi tu. Kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilihitaji abiria, ikajenga hoteli ya fahari iliyofunguliwa mwaka 1888, ili matajiri wapande treni kwenda kuoga na kutazama milima. Na hapo Bankhead, ndani ya hifadhi hiyo hiyo, makaa ya mawe yalichimbwa hata mwaka 1922. Tamaa ndiyo iliyouzaa mji huu. Kiasi, kilichokuja baadaye, ndicho kilichouokoa.

Tazama basi kiasi hicho kilivyo. Ardhi ya Banff mpaka leo ni ya dola, na wakazi wake huishika kwa mikataba ya kukodi; wala haruhusiwi mtu kufanya maskani humo kwa sababu tu amependezwa na mandhari au ana fedha nyingi, ila awe na kazi au shughuli inayomlazimu kukaa. Kwa hiyo mji una watu wapatao 8,000 tu, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 4, ilhali hifadhi yote ina kilomita za mraba 6,641, na sheria imeuwekea mpaka ujenzi wa biashara mpya. Fauka ya hayo, barabara kuu ya Trans-Canada ipitayo hapo imezungushiwa uzio, na wanyama wakafanyiwa njia zao 44, sita zikiwa juu ya barabara na 38 chini yake, hata ajali za magari kugonga wanyama wakubwa zikapungua kwa zaidi ya asilimia 80. Watu waliokuwa na uwezo wa kujinyima wamejinyima. Je, mgeni akaaye siku mbili atashindwa?

Atasema mmoja: mji huo huishi kwa wageni, na wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, lakini mwenyeji ajiwaye na wageni zaidi ya milioni nne kwa mwaka hatapona, bali ataugua, wasipokuwa na adabu. Atasema mwingine: mimi nimelipa. Naam, umelipa, lakini aliyealikwa karamuni hapati kwa mwaliko ule haki ya kufungua sanduku la mwenye nyumba, na kiingilio hununua ruhusa ya kupita, hakinunui mlima wala mnyama.

Palipo na taksiri kubwa zaidi ni katika chakula na picha. Mtu humwona elki, yule paa mkubwa wa huko ambaye aghalabu hupita hata barabarani mjini, akamsogelea kwa ajili ya picha, asijue kwamba jike mwenye ndama wakati wa masika, na dume wakati wa kupandana, humshambulia mtu bila ya onyo. Sharti ni kukaa mita 30 mbali naye, na mita 100 mbali na dubu. Na anayemtupia dubu kipande cha mkate kwa huruma, ghairi ya kujitia katika faini iwezayo kufika dola 25,000, humfundisha mnyama yule kuwafuata watu; na dubu aliyezoea chakula cha watu aghalabu mwisho wake ni kuuawa. Huruma ya namna hiyo ni dhuluma.

Insafu yatutaka pia tukumbuke kwamba kabla ya reli palikuwa na watu. Wanakoda wa Stoney waliwinda katika mabonde yale tangu kale, na hifadhi ilipokwisha kuundwa wakazuiwa. Sisi wa Afrika ya Mashariki, tunaojua jinsi Wamaasai walivyoondolewa Serengeti mwaka 1959, hatuna udhuru wa kuyapita mambo hayo kwa wepesi. Afikaye Banff na aulize habari za Wanakoda, asitosheke na habari za hoteli.

Nasaha yangu nawapa hasa jamaa zetu wanaoishi Calgary, mwendo wa kilomita zipatazo 130 tu kutoka huko, ambao wakati wa kiangazi hupanda milimani na watoto wao. Pandeni basi mnapoweza, muyapunguze magari. Rudini na taka zenu au mzitie katika mapipa yasiyofunguliwa na dubu. Na wafundisheni watoto kutazama bila ya kugusa. Mipaka ya Banff haikuwekwa kumkomoa mgeni, bali imewekwa ili na mgeni wa kesho akute kitu cha kutazama. Basi tuifuate kwa hiari, tusingoje kutozwa faini.