Vipande 200 vya Nini?

Wasee wa kazi za mkono, leo tuongee ukweli bila kupakana mafuta. Ile mashine ndogo ya mkono ya kuzungusha biti, ile kila mtu anaita Dremel hata kama imeandikwa jina lingine, wengi wenu mnaichagua vibaya. Na wanaowapotosha ni watu wangu, sisi wa kutengeneza video.

Mnazijua hizo video. Jamaa anakata tepu ya boksi polepole, muziki unapiga, anamwaga vipande 200 kwa meza. "Manze cheki! Spidi elfu thelathini na tano!" Anatoboa kambao laini sekunde nne, anakuachia linki, kwaheri. Hiyo ni tangazo limevaa nguo za ushauri. Anayeumia ni wewe uliyeweka akiba miezi kadhaa ukitaka kuanza kachapaa kako ka kuchonga pete ama kuandika majina kwa glasi.

Mimi nachonga hereni na pete za pembe na mifupa ya ng'ombe kwa chumba hicho hicho ninacholala, kwa hivyo hii mambo naishi nayo kila siku. Msimamo wangu ni mmoja: usinunue spidi ya juu, nunua spidi ya chini.

Fanya hesabu. Mizunguko 30,000 kwa dakika ni mizunguko 500 kwa sekunde. Funga kisahani cha kukata chenye upana wa milimita 25, na ukingo wake unakimbia karibu kilomita 140 kwa saa. Matatu yenyewe kisheria mwisho ni 80! Sasa bonyeza huo ukingo kwa mfupa uone. Unageuka kahawia na nyumba nzima inanuka nywele zilizoungua. Pembe ni mbaya zaidi. Plastiki inayeyuka na kugandamana na biti. Mbao inapata doa jeusi ambalo hata msasa hautoi. Brashi za waya ndizo hatari kabisa: nyingi hazifai kupita mizunguko 15,000, kwa sababu zikipita hapo nyuzi zinang'oka na kuruka kama sindano. Kazi nyingi za nyumbani zinataka utulivu, na utulivu uko chini.

Hamniamini? Angalieni Dremel wenyewe, kampuni iliyoanzishwa na Albert Dremel mjini Racine, Marekani, mwaka wa 1932. Modeli yao ya 3000 ina wati 130 na inazunguka kutoka 10,000 hadi 33,000. Ya 4000, ambayo ni kubwa yake, ina wati 175 na inatoka 5,000 hadi 35,000. Linganisha. Juu wameongeza 2,000 tu. Chini wameshuka nusu nzima, na nguvu imepanda. Wenye kazi yao wanajua thamani iko wapi, lakini jamaa wa video anakusomea namba ya juu pekee, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kubwa kwa boksi.

Tena spidi si nguvu. Ile kalamu ndogo inayochajiwa na waya wa simu inaweza kuzunguka haraka vilivyo, lakini ukiibonyeza kidogo tu kwa shaba, inasimama. Ni poa kwa kuandika jina kwa kikombe. Usiambiwe ati itakukatia chuma.

Sasa hivyo vipande 200. Vihesabu siku moja. Utapata vipete vya msasa kibao, visahani vyembamba vinavyovunjika ukiviangalia vibaya, na vijiwe vya rangi ambavyo hutagusa mpaka uhame. Kazi yangu ya wiki nzima inatumia biti sita. Sita! Afadhali biti sita kali ulizochagua mwenyewe kuliko 200 ulizochaguliwa na mtu wa kujaza boksi.

Ukienda dukani, omba wachomeke kwa stima ujionee. Kama muuzaji anakataa, toka. Funga biti nyembamba, washa spidi ya chini kabisa, kisha angalia ncha. Ikionekana kama nukta moja imetulia, sawa. Ikichora duara, koleti, yaani kile kishikio kinachobana biti, haijanyooka, na hiyo mashine itakutetemesha mkono mpaka ganzi. Geuza kitufe cha spidi taratibu uone kama inapanda polepole ama inaruka tu hadi kelele. Tafuta vifuniko viwili vidogo ubavuni, vya kufunguliwa na bisibisi. Huko ndani ndiko kaboni zinakaa, na kaboni huisha. Usipoweza kuzibadilisha, umenunua mashine ya kutupa. Mwisho, soma maandishi ya mwilini. Ikiwa ni ya mitumba kutoka Marekani na imeandikwa 120V, ukiichomeka kwa stima yetu ya 240 bila transfoma, utaaga moshi.

Na nyinyi mnaofanya kucha, mko kwa hii stori pia. Mashine ya kuchonga chuma si ya vidole vya mteja. Biti za kucha zina shina la milimita 2.35, na mashine nyingi za karakana huja na koleti ya 3.2, kwa hivyo usilazimishe. Nunua mashine ya kucha. Ngozi ya mtu haina spea.

Kuna na upande wa pili nao siwaachi: wale wa "nunua orijino ama usinunue kitu." Wewe ni nani umwambie kijana wa Kayole hawezi anza mpaka awe na jina kubwa kwa mashine? Nenda Kamukunji uone masanduku na majiko yakitoka kwa nyundo na kipande cha reli. Nenda Kibera uone mapambo ya mifupa ya ng'ombe. Hao mafundi hawakungoja jina. Waliangalia kazi, wakatafuta kifaa cha hiyo kazi. Mashine isiyo na jina ikizunguka imenyooka, ikishuka spidi, na kaboni zake zikipatikana, chukua bila aibu. Na yenye jina ikishindwa hayo, iache hapo kwa rafu.

Enyewe, pesa yenyewe ni kidogo. Tuseme una elfu tano. Ukizimwaga zote kwa boksi lenye kelele, hutabaki na ya miwani ya kazi wala barakoa. Basi kisahani kikivunjika kwa ile spidi, kipande kinakuja usoni, na vumbi la mfupa unalivuta mchana kutwa. Kwangu miwani na barakoa zinanunuliwa kwanza, halafu kinachobaki ndicho bei ya mashine. Kama hakitoshi, ngoja mwezi mwingine. Mashine zitakuwepo. Jicho hawauzi River Road.

Kwa hivyo kabla hujatuma hizo doo, andika kwa karatasi: nachonga nini, kigumu kiasi gani, na kinataka spidi gani. Kisha muulize huyo jamaa wa video swali moja: spidi yake ya chini kabisa ni ngapi? Akianza kukuhesabia vipande, jua hata yeye hajawahi kuitumia.