Mshale wa Guan Zhong

Ndugu wanachama, kila inapokaribia siku ya kuchagua halmashauri ya chama chetu, twasikia maneno haya: "Fulani hafai, kwa kuwa alitupinga mkutanoni." Twaomba ruhusa kuleta mbele yenu habari za mtawala mmoja wa kale wa Uchina.

Katika dola ya Qi, mwaka 685 kabla ya Kristo, ndugu wawili, Xiaobai na Jiu, walishindania kiti cha enzi. Guan Zhong, mtumishi wa Jiu, alimvizia Xiaobai njiani akamtupia mshale, nao ukapiga bizimu ya mshipi wake. Xiaobai akajifanya amekufa, kisha akawahi kufika mji mkuu, akatawazwa kwa jina la Huan.

Huan alitaka rafiki yake Bao Shuya awe waziri. Bao Shuya akamjibu kwamba, ikiwa ataka kuitawala Qi tu, yeye na Gao Xi watosha. Bali akitaka ukuu juu ya watawala wenzake, hana budi kumtwaa Guan Zhong. Huan akaimeza hasira yake, akamtoa adui katika vifungo akampa uwaziri. Qi ikapata nguvu, hata mwaka 651 watawala wa dola nyingine wakakutana Kuiqiu wakamkiri Huan kuwa kiongozi wao.

Wako watakaosema: aliyetupinga jana atatupinga na kesho. Sisi hatuoni hivyo. Guan Zhong alitupa mshale kwa kuwa alikuwa mwaminifu kwa bwana wake, na uaminifu uo huo ulimtumikia Huan miaka 40. Alipofariki mwaka 645, Huan akawategemea watu wa kumsifu. Mwaka 643 naye akafa. Wanawe wakapigania kiti, na maiti yake, kama aandikavyo Sima Qian, ikalala kitandani siku 67.

Basi, mwenye hesabu safi na apewe sanduku la fedha, hata kama alitukemea mbele za watu. Na kwa wale waliokwisha kuzoea viti vya halmashauri, twauliza neno moja tu: kumsamehe adui ni kazi ya Huan, lakini kumpisha aliye bora kuliko wewe ni kazi ya Bao Shuya. Ni nani kwetu atakayeifanya?