Bibi harusi, mama yako atakaa wapi?



Wengi wetu tumeitazama Imitation of Life, filamu ya Marekani ya mwaka 1959, na mwisho wake ukatuliza. Sarah Jane ni chotara, mweupe kiasi cha kudhaniwa Mzungu. Mama yake, Annie, ni mweusi. Binti anamkana, anahama mji, anabadili jina. Mama anapomfuata kumuaga, anajifanya mbele ya mwenzake kuwa alikuwa yaya wake tu. Kisha Annie anafariki. Sarah Jane anapenya umati wa mazishi, analikumbatia jeneza, analia kuomba radhi.

Watu husema pale binti amerudi kwao. Sisi tunasema amechelewa, na lawama si yake peke yake. Filamu hiyo hiyo inamwonyesha mpenzi wake akimpiga alipojua mama yake ni mweusi. Baada ya hapo, nani asingejificha?

Sisi tunaoshona nguo za harusi hapa Kyela tunalijua jambo hili bila filamu. Miaka ya 1880 wafanyabiashara Waswahili na Waarabu walikuwa tayari Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe. Damu zimechanganyika siku nyingi. Lakini ikifika kuhesabu sare, kuna nyumba ambazo upande wa baba mwenye asili ya Uarabuni huhesabiwa hadi mtoto wa mwisho, na upande wa mama, Wanyakyusa wa Ipinda au Matema, huambiwa wavae walichonacho. Bibi akishukuru kwa "ndaga fijo", bibi harusi anatazama chini, wakwe wasije wakasikia.

Dini yetu hailikubali hilo. Abu Dharr (r.a.) alipomtukana mtu kwa mama yake asiye Mwarabu, Mtume (s.a.w.) alimwambia kuwa bado ana ujahiliya ndani yake. Na Suratul Hujurat inatufundisha kuwa makabila yamewekwa ili tujuane, na mbora wetu ni mcha Mungu zaidi.

Basi bibi harusi, sare za pande zote mbili zitoke jora moja. Mama na bibi wakae mbele, watambulishwe kwa majina yao na kwao walikotoka. Nanyi mama wakwe, mjulieni hali mama yake mapema, binti asione haja ya kumficha.

Radhi ya mama huombwa akiwa hai, mkono wake ukiwa bado na hina ya harusi yako.