Steringi Aogope, Adui Alie

Wiki hii naongea na nyie wenzangu mnaokesha na kaunta buku na kalamu ya kuazima, mkiota siku moja hadithi yenu itoke gazetini na jina kubwa juu yake.

Ukiingia kwenye kibanda cha video, iwe Kilwa Masoko, Mchinga au Lindi Mjini, aliyechelewa huuliza swali moja tu: "Steringi yupi?" Akishaonyeshwa anatulia, maana anajua huyo hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa baharini, lakini atarudi. Na adui naye anajulikana mapema: ana kovu, anacheka ovyo, hana mama wala mtoto. Kwenye video sina ugomvi, tumelipa tufurahi. Kasheshe ni pale tunapowabeba watu hao hao na kuwamwaga kwenye hadithi zetu. Mtasema mbona Willy Gamba wa Elvis Musiba alikuwa hashindwi na tukampenda? Sawa, lakini huyo alishatoka. Wako atakuwa kivuli chake tu.

Sasa tazama maadui zetu. Wa kwanza ni bibi kizee mwenye macho mekundu, mchawi. Wa pili ni mlinzi au msichana wa kazi kutoka Kusini, mshamba, Kiswahili chake cha kuchekesha, na mwisho wa hadithi ndiye mwizi. Mimi mtu wa huku huku, hilo linaniuma. Wamachinga ni kabila, kwao ni Lindi, wana babu zao na ngoma zao. Leo nchi nzima jina lao ni la kijana mwenye bidhaa mkononi anayefukuzwa barabarani. Na yule bibi si mchezo hata kidogo. Kule Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho yale mara nyingi ni moshi tu wa jikoni. Kwa hiyo kabla hujampa adui sura, jiulize umeiazima kwa nani, na mwenye sura yake atakuja kulipa nini.

Unataka mtu wa kweli? Twende Kilwa Kivinje, mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga. Mwaka 1895 Wajerumani walimnyonga Kilwa Hassan bin Omari, maarufu kwa jina la Makunganya. Mwaka mmoja kabla, watu wake walikuwa wameuvamia mji. Historia inamwita shujaa, na ni haki yake. Lakini huyo huyo alikuwa tajiri wa misafara, na katika biashara yake watumwa walikuwemo. Haya mwandishi, kaa chini. Mke wake angemsimuliaje? Na yule aliyeletwa pwani na kamba shingoni? Na Mjerumani, aliyejigamba amekuja kukomesha utumwa huku mkononi ana kiboko? Ukiweza kuwasikiliza wote hao bila kumnyamazisha hata mmoja, hadithi unayo.

Au mtazame Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa. Tamthilia yake ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969. Mganga mwenyewe wa Ngarambe alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905, vita vya Majimaji ndiyo kwanza vimeanza. Hussein angeweza kabisa kutupa steringi asiyetetereka. Badala yake katupa mtu anayeanza kuyaogopa maji yake mwenyewe, wakati watu wameshaamini na neno halirudi tena mdomoni. Mjerumani yupo na bunduki zake, lakini wasiwasi ndio unaomtafuna. Ndiyo maana anasomwa mpaka leo.

Sasa tufanyeje? Mpe adui kitu anachokipenda. Chukua karani wa mizani anayewapunja wakulima wa korosho. Ukiandika tu kwamba ni mnyonyaji, nani atamkumbuka? Mwandike jioni, anamlisha uji mama yake aliyepooza, na sukari ya uji imetokana na zile kilo alizoiba. Hapo msomaji atamchukia huku roho ikimuuma.

Shujaa naye mpe kitu cha kuogopa. Mvuvi anataka kuwataja wapiga baruti wanaoua matumbawe yetu, kumbe shemeji yake yumo, na samaki wa jana waliliwa nyumbani kwake. Atasema? Mimi mwenyewe sijui, na ndiyo raha yake. Tena si lazima awe kijana wa kiume kutoka mjini. Mama anayelima mwani, maji yamemfika kiunoni na mtoto kamwacha ufukweni, ana ujasiri kuliko makomando kumi.

Kuna mhariri mmoja, jina namsitiri, alinirudishia hadithi akisema adui wangu ni mpole mno, eti wasomaji watachanganyikiwa. Nikamjibu afadhali wachanganyikiwe humo kwenye karatasi, kuliko huku mtaani wanakomkimbia mwenye kovu na kumkabidhi mpole funguo za ghala. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kina kovu usoni.

Haya, shika kalamu. Tukijaaliwa, wiki ijayo.