Namba Iliyo Chini ya Glasi Sio Mwaka

Wasee, leo nakuja kujianika mwenyewe.

Kuna glasi sita za chai shosho alinipa, zile ngumu zenye pande pande. Nikaposti: "Duralex original, za 1948!" Ushahidi wangu? Moja ilikuwa na namba 48 chini. Zile zingine zilikuwa na 9, 17, 31... hizo sikuzipiga picha.

Dada mmoja akanunua, akampelekea mamake zawadi. Baada ya siku tatu akaniandikia, bila matusi: "Hili umbo linaitwa Picardie. Lilitoka 1954." Nikamrudishia pesa yote. Pesa haikuniuma kama ile aibu.

Iko hivi. Hiyo namba ni ya kalibu, ile chuma inayoipa glasi umbo. Kiwandani kalibu ni nyingi na kila moja ina namba yake, ndio glasi ikitoka na kasoro wajue shida iko wapi. Huko Ufaransa watoto husoma hiyo namba kwa mchezo, ati ndio umri wako. Sisi tumeifanya birth certificate ya glasi, kisha tunaongeza bei.

Msimamo wangu sasa: muuzaji asikutajie mwaka kabla hajakuonyesha jina. Geuza glasi, ipanguse, iwashie tochi ya simu kwa pembeni. Soma maandishi, achana na namba. Ukiona nanga yenye herufi H juu yake, hiyo ni Anchor Hocking ya Marekani.

Lakini hata jina linaweza kukuchezea. Pyrex ilianza na kampuni ya Corning, Marekani, 1915, halafu Jobling wa Sunderland, Uingereza, wakapata leseni ya kuitengeneza pia. Kwa hivyo "ni Pyrex" bado haijajibu nani aliitengeneza. Tafuta nchi iliyoandikwa hapo chini. Na Picardie inatengenezwa hadi leo, so umbo peke yake halithibitishi kwamba glasi ni ya kitambo.

Na kama hakuna maandishi yoyote? Sema "sijui" na uuze kwa bei ya sijui. Glasi nyingi hazikuwahi kuandikwa jina, na hiyo sio dhambi. Dhambi ni kulitunga. Sisi watu wa kuuza online hatuna duka wala kibandiko ukutani. Kitu pekee tuko nacho ni neno letu.

Glasi zilirudi kwa shosho. Nilipomweleza kisa chote alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akaniambia alizinunua River Road 1983, mamangu akiwa class two.

"Si ungeniuliza tu?"

Sasa nenda kageuze glasi moja hapo kwenu, uandike kwa komenti umepata nini. Lakini kwanza muulize mwenye kabati.