Unga wa Viungo na Vuli ya Kuazima

Wapo watafsiri, na nyuma yao wapo washairi, ambao kila wakutanapo na yale majira ya Ulaya ambayo majani hugeuka rangi na kuanguka, huyaita vuli. Neno lenyewe ni jepesi, lina silabi mbili tu, na halimsumbui mtunzi katika mizani. Lakini limewekwa mahali pasipo pake. Aulizwe mkulima wa Handeni vuli ni nini. Atajibu kuwa ni mvua za Oktoba hadi Disemba, mvua zisizotabirika, ambazo mtu huzipandia mahindi kwa kubahatisha na huku akiomba dua. Vuli ya Handeni haipukutishi jani, bali hulichipuza. Mshairi anayelia kwa vuli kwa sababu majani yameanguka analilia miti ya watu wengine.

Kosa hili lingesameheka lau lingeishia katika kurasa za vitabu. Bahati mbaya limeingia jikoni. Huko Marekani kuna mchanganyiko wa viungo ambao umefungamana na majira hayo: mdalasini, tangawizi, kungumanga na wenzao, vikisagwa pamoja kwa ajili ya kitafunwa cha boga. Kampuni ya McCormick iliuza mchanganyiko huo tayari koponi kuanzia mwaka 1934, na mwaka 2003 kampuni ya Starbucks ikautia katika kahawa ukapata umaarufu wa dunia nzima. Si haramu kwa Wamarekani kupenda boga lao. Linalostahili kupingwa ni pale unga huo unapotafsiriwa kuwa "viungo vya vuli" na kupokewa mwambaoni kama jambo geni na la kistaarabu, ilhali boga, mdalasini na tangawizi vilikuwa jikoni kabla ya kopo kufika.

Kama yapo majira ya unga wa namna hiyo katika Handeni na Korogwe, basi ni kipupwe. Masika yakishapita, kati ya Juni na Agosti, mahindi huwa yamekauka mashambani na maboga yaliyotambaa kati ya mashina yake yamekomaa. Upepo wa kusi huvuma, na usiku huhitaji shuka ya pili. Kwa upande wa Korogwe ulio mlimani, kule Bungu na Vugiri, ukungu hukawia kuondoka asubuhi, na hakuna anayetoka nyumbani kabla ya kikombe cha chai ya moto. Kutoka mji wa Handeni hadi mji wa Korogwe ni kilomita 65 hivi, yaani safari fupi kutoka nchi ya mahindi hadi kwenye miguu ya milima ya Usambara. Boga hutoka upande mmoja na viungo hutoka upande wa pili, navyo hukutana sokoni. Hii ndiyo maana ya neno kiungo: kitu kinachounganisha.

Unga wenyewe hauna siri. Huchukuliwa vijiko vinne vya mdalasini uliovunjwavunjwa, viwili vya tangawizi iliyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa unguni mpaka ikakauka, viwili vya punje za iliki zilizotolewa katika maganda yake, kimoja cha pilipili manga, na nusu kijiko cha karafuu. Karafuu isizidi hapo, kwani ikizidi huvimeza vingine vyote. Viungo hupashwa moto kidogo katika kikaango juu ya makaa hafifu, karafuu na iliki zikitiwa mwishoni kwa sababu huungua upesi. Harufu ikishapanda, kikaango huepuliwa. Anayesubiri moshi amekwisha chelewa. Vikipoa hutwangwa kinuni na kuchekechwa, na makapi hurudishwa kutwangwa tena. Kungumanga haitwangwi pamoja na wenzake, bali hukwaruzwa siku ile ile ya kupika. Unga hutiwa katika chupa kavu yenye kizibo, mbali na jua na mvuke wa sufuria, nao hutwangwa wa wiki mbili au tatu tu.

Nusu kijiko cha chai hutosha birika la chai ya maziwa la watu sita. Katika boga la nazi, unga hutiwa pamoja na tui zito, boga likiwa limekwisha iva, ili harufu isipotee kwa mchemko mrefu. Katika uji wa mahindi, hunyunyizwa kidogo tu baada ya sukari.

Kwa nini basi mtu ajisumbue na mchi wakati pakiti ipo dukani? Jibu la kwanza ni la pua. Harufu ya kiungo hukaa katika mafuta mepesi yaliyofichwa ndani ya punje na gome, na mara kiungo kinapovunjwa, mafuta hayo huanza kuruka. Unga uliosagwa miezi kadhaa iliyopita umebaki na rangi kuliko harufu. Jibu la pili ni la macho. Kijiti cha mdalasini hujieleza chenyewe: kile chenye tabaka nyingi nyembamba zilizojikunja ndani kwa ndani ni mdalasini wa asili ya Sri Lanka, na kile chenye gome moja nene na gumu ni kasia, ndugu yake mkali. Iliki nzima huonyesha kama ilichumwa changa au ilikomaa. Vikishasagwa, vyote ni vumbi la rangi ya udongo, na mnunuzi hana tena la kuuliza. Pakiti humwondolea mpishi kazi, kisha humwondolea na hukumu.

Hasara hiyo haimwishii mpishi. Humfikia mkulima wa iliki na pilipili manga katika Usambara Mashariki. Mnunuzi ajuaye iliki iliyokomaa humlipa mkulima aliyesubiri. Mnunuzi wa kusaga hajali, kwa kuwa mashine haina macho. Basi mkulima naye huchuma mapema kabla ya mwizi, na mwenye subira hana malipo ya subira yake. Na iliki ile si kitu kisicho na gharama. Imelimwa chini ya kivuli cha msitu, na ili ipandwe, mimea midogo ya msituni ilifyekwa katika milima ambayo wataalamu wa viumbe huihesabu kuwa hazina, hata Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikaanzishwa mwaka 1997. Kitu kilichogharimu msitu hakistahili kuuzwa kama vumbi lisilo na jina.

Hapa wenye kiburi cha visiwani watanyanyua sauti: viungo ni vya Unguja na Pemba, Handeni na Korogwe zinahusikaje? Dai hili hutamkwa kwa raha na husikilizwa kwa raha, lakini halina mizizi mirefu. Karafuu ni mgeni kutoka visiwa vya Maluku, ikapandwa Unguja katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja, ni Pemba iliyobeba jina la visiwa vyote viwili. Mdalasini asili yake ni Sri Lanka, pilipili manga na iliki ni za kusini mwa India, kungumanga ni ya Banda. Na iliki hupenda baridi na ukungu wa milima kama ile ya Amani, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902 na kujaribu miche ya kutoka pembe zote za dunia. Kama haki ya kiungo ni ya mahali kilipozaliwa, mwambao mzima hauna hata kimoja. Kama ni ya mikono inayokilima na kukitwanga, basi mwanamke wa Korogwe na mwanamke wa Wete wana haki sawa.

Itasemwa pia kwamba haya ni maneno ya watu wenye nafasi. Kwamba mama anayeamka alfajiri kukaanga maandazi ya kuuza hana saa ya kutwanga. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hajawahi kushika mchi. Lakini haikitetei kilichomo ndani ya pakiti. Jirani wawili wanaweza kutwanga kwa zamu. Mashine ya kusaga ya nyumbani nayo haina dhambi. Jambo la lazima ni kununua kiungo kikiwa kizima na kukivunja karibu na siku ya kukila. Wala mchi si mzigo wa mwanamke peke yake. Mwanamume apendaye chai ya viungo ana mikono miwili.

Mshairi ahusikaje? Ahusika kuliko wote. Karafuu, iliki na mdalasini vimejaa katika beti za mapenzi kiasi kwamba msomaji havinusi tena. Mpenzi ananukia karafuu, pumzi yake ni iliki, na mtunzi hajui kuwa karafuu ni tumba lililochumwa kabla ya kuwa ua, wala kuwa iliki huzaa chini, karibu na ardhi, si juu ya matawi. Huo ni ushairi wa pakiti: umesagwa na wengine, zamani, na umebaki na rangi. Vuli ya majani yanayopukutika imo katika pakiti hiyo hiyo.

Lugha huchakaa kama unga uliosahauliwa wazi. Dawa yake ni kurudi kwenye kitu kizima: vuli iachwe iwe mvua ya kupandia, kipupwe kiwe majira ya boga na chai, na iliki ivunjwe mkononi kabla ya kutiwa katika ubeti. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Naye mwenye kuazima majira ya mwenziwe, yake husahau hata jina.