Wageni watatu wa Bwana Bassett



Juma lililopita, katika mkutano wetu, mama mmoja aliuliza swali lililowasha ukumbi mzima: ukipokea watu waliokimbia, kisha mkuu wako akakuambia uwatoe, utafanya nini? Wengi wetu tumekwisha kulaza deplase ndani ya nyumba zetu, kwa hiyo hakuna aliyekosa neno la kusema. Tulipotoka pale tulimkumbuka mwalimu mmoja wa Marekani ambaye swali hilo lilimfikia mlangoni, karibu miaka 150 iliyopita.

Jina lake ni Ebenezer Bassett. Alizaliwa mwaka wa 1833 katika jimbo la Connecticut, kaskazini ya Marekani. Baba yake alikuwa wa damu ya Kiafrika, mama yake wa asili ya Wapequot, wenyeji wa nchi ile kabla wazungu hawajafika. Siku zile, katika majimbo ya kusini, mtu mweusi aliuzwa sokoni kama mbuzi. Bassett alizaliwa huru, lakini mtu mweusi aliye huru naye alikuta milango mingi imefungwa. Katika shule ya jimbo iliyotayarisha walimu, yeye ndiye mwanafunzi mweusi wa kwanza kukubaliwa. Alimaliza mwaka wa 1853.

Kutoka hapo akaenda kufundisha, na mwaka wa 1857 tunamkuta Philadelphia, mkuu wa shule ya vijana weusi iliyoanzishwa kwa mali ya Waquaker. Ilikuwa shule ya masomo magumu: hesabu, sayansi, Kilatini, Kigiriki. Wasichana walisoma humo pia. Mkuu wa upande wao, tangu mwaka wa 1865, alikuwa Fanny Jackson, aliyezaliwa mtumwa. Dada ya mama yake alifanya kazi kwa dola 6 kwa mwezi, akaweka akiba mpaka akapata dola 125, akamnunua huyo mtoto ili awe huru. Wamama wa likelemba mnaelewa kazi hiyo. Bassett alipoondoka, Fanny ndiye aliyeshika shule yote.

Aliondoka kwa sababu mwaka wa 1869 Rais Grant alimtuma kuwakilisha Marekani katika nchi ya Haiti. Hakuna mtu mweusi aliyekuwa amepewa kazi ya namna hiyo mbele yake. Na Haiti yenyewe ilikuwa nchi ya watu weusi waliovunja utumwa kwa mikono yao, wakapata uhuru mwaka wa 1804. Marekani ilikawia mpaka mwaka wa 1862 kuitambua.

Bassett alifika wakati wa vita. Serikali ilipinduliwa mwaka ule ule, na Rais Salnave akauawa kwa risasi mwanzoni mwa 1870. Tangu miezi ile ya kwanza watu walianza kukimbilia nyumba ya balozi, kwa maana askari hawakuwa na ruhusa ya kuingia humo.

Jaribu kubwa lilikuja mwezi wa tano, 1875. Rais mpya, Domingue, alikuwa akiwasaka watu aliowaogopa. Mmoja wao, jenerali Boisrond-Canal, aliponyoka akafika usiku kwa Bassett pamoja na vijana wawili wa jamaa yake. Bassett akawapokea. Zaidi ya askari elfu moja wakaizunguka nyumba. Usiku walipiga kelele ili wenye nyumba wasipate usingizi.

Hali hiyo ilidumu miezi mitano. Sisi tunaopima unga kila jioni, jambo la kwanza tulilofanya ni kuhesabu: midomo mitatu zaidi, miezi mitano, na bunduki nje ya ua. Kumbukeni pia kwamba balozi huyo alikuwa na mke, Eliza, na watoto.

Lakini askari hawakuwa shida peke yao. Mkuu wake huko Washington, waziri Hamilton Fish, hakufurahi hata kidogo. Kwa maoni yake, Marekani haikupaswa kugeuza nyumba ya balozi kuwa maficho ya wapinzani wa serikali nyingine, na alimlaumu Bassett kwa barua. Bassett alijibu kwa heshima, akaeleza, akaandika tena, lakini wageni hakuwatoa. Alijua kwamba kuwatoa ni kuwaua.

Tulipoisoma habari hii pamoja, hatukupatana. Wengine kati yetu walisema waziri naye alikuwa na haki, kwa kuwa ukiingiza ugomvi wa jirani nyumbani mwako, kesho utauamua wewe. Mama mmoja akauliza ni nani aliyewauliza watoto wa Bassett kama wanataka kulala katikati ya askari elfu. Swali zuri. Hata hivyo wengi wetu tunasimama upande wa mwalimu. Barua ya mkuu husafiri siku nyingi; mgeni yuko mlangoni sasa hivi, na nyuma yake wanakuja wenye bunduki.

Mwishowe Domingue alilegea. Mwezi wa kumi Bassett aliwasindikiza wageni wake usiku mpaka bandarini, wakapanda meli kwenda Jamaika. Haukupita mwaka, Domingue akapinduliwa, na Boisrond-Canal akawa rais wa Haiti.

Bassett aliacha kazi mwaka wa 1877, utawala wa Grant ulipokwisha. Wahaiti hawakumsahau: walimfanya kuwa konsuli wao mkuu huko New York, yeye Mmarekani, na akawatumikia karibu miaka 10. Mwaka wa 1889 rafiki yake Frederick Douglass alipotumwa Haiti kushika kazi ile ile, Bassett alirudi naye kama katibu na mkalimani wake. Alifariki mwaka wa 1908.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutarudi kwa Fanny Jackson na shule yake. Mama aliyeuliza swali ameomba tumwachie nafasi ajibu, naye tutampa.